Jinsi ya Kuonja Mvinyo Mwekundu na Mweupe na Kuueleza kwa Maneno: Mwongozo Kamili

Karatasi nyingi za uonjaji ninazoletewa nizisahihishe zina maneno matatu tu: mtamu, mkali, mkavu. Mwenye karatasi huamini ulimi wake ni mzito. Nikimuuliza maswali mawili matatu, nagundua ulimi umesikia karibu kila kitu, ila maneno ndiyo yamemwangusha.

Tazama. "Mtamu" ni wenye sukari, na pia ni ule uliokupendeza. "Mkali" unaweza kuwa mchachu, mchungu, wenye pombe nyingi au unaokwaruza mdomo. "Mkavu" kwa watu wa mvinyo maana yake hauna sukari, lakini anayeanza huliandika neno hilo kwa sababu mdomo umemkauka, jambo ambalo halina uhusiano wowote na sukari.

Kwa hiyo, hadi umalize hatua ya tano, maneno hayo matatu yaweke kando. Tutatumia mengine ambayo Kiswahili kinayo tayari na ni sahihi zaidi: sukari, ugwadu, ukakasi, uchungu, moto wa pombe na uzito.

## Vitu vya kuandaa

Chupa nne, kila moja ikiitwa kwa jina la zabibu yake. Sauvignon Blanc, Chardonnay iliyokaa kwenye pipa la mwaloni, Pinot Noir na Cabernet Sauvignon. Nimezichagua kwa sababu zinapingana: mweupe mchachu na mweupe mnene, mwekundu mwepesi na mwekundu wenye ukakasi. Anayeonja chupa moja peke yake hana cha kulinganisha nacho, na bila kulinganisha maneno hayaji. Kama nne ni nyingi, chukua ya kwanza na ya mwisho.

Glasi zinazofanana, zenye tumbo pana na mdomo uliobana. Kuna kipimo cha kimataifa cha glasi ya kuonjea, ISO 3591 cha mwaka 1977, yenye ujazo wa mililita 215 hivi. Si lazima uwe nayo, ila glasi zote ziwe za umbo moja. Glasi pana ya maji humwaga harufu nje kabla pua haijafika.

Vingine: karatasi nyeupe isiyo na mistari, kalamu, maji ya kunywa, mkate mweupe usio na siagi, chombo cha kutemea, na mifuko ya karatasi ya kufunikia chupa. Kwa hatua ya kwanza utahitaji sukari, ndimu na majani ya chai.

Usijipake manukato siku hiyo, wala usionje mara tu baada ya kupiga mswaki. Mwenye mafua aahirishe.

Onyo. Kutema ni sehemu ya kazi. Anayemeza kila funda, akifika chupa ya nne anaandika furaha yake, si mvinyo. Mjamzito, anayetumia dawa zisizopatana na pombe, asiyefikia umri wa kisheria na anayetarajia kuendesha gari wasionje kabisa, maana hata anayetema huingiza pombe kidogo mwilini.

## Hatua ya 1: Uzoeze ulimi kabla ya kufungua chupa

Watu huiruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto. Ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

Andaa glasi tatu. Ya kwanza, maji mililita 250 na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Ya pili, maji kiasi hichohicho na maji ya nusu ndimu. Ya tatu, chai ya rangi iliyolowekwa kwa robo saa hadi ikawa nyeusi, bila sukari, kisha ikapoa.

Onja ya sukari. Kiasi hicho ni kama gramu 16 kwa lita, kiwango cha mvinyo wenye utamu mdogo. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, mvinyo unaoitwa mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 ikiwa asidi yake ni ya kutosha.

Onja ya ndimu, kisha inamisha kichwa kidogo mbele, mdomo umefungwa. Mate yatajaa. Huo ndio ugwadu, na kipimo chake ni mate.

Onja ya chai. Pitisha ulimi juu ya meno ya mbele na ufizi. Kuna kukwama, kama vile umetafuna ganda la ndizi mbichi. Huo ndio ukakasi. Unasababishwa na tanini, ambazo hushikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi. Ukakasi si ladha. Ni mguso, kama unavyogusa kitambaa ukajua ni hariri au gunia.

Sasa tia kijiko cha sukari kwenye glasi ya ndimu, uonje tena. Ukali umepungua, sivyo? Lakini mate bado yanatoka yaleyale. Sukari huuficha ugwadu kwa ulimi, haiyafichi mate.

*Utajua umefaulu* ukiweza kufumba macho, mtu akakupa glasi mojawapo, ukaitaja kwa kusikiliza mahali: ulimi wa sukari, mate ya ndimu, au ufizi wa chai.

## Hatua ya 2: Weka joto sawa

Mvinyo mweupe uonjwe kati ya nyuzi 8 na 12 za Selsiasi. Mwekundu kati ya 15 na 18. Mweupe ukitoka kwenye friji uache mezani dakika 15 hadi 20. Mwekundu, kama chumba chako kina joto, uingize kwenye friji nusu saa.

Najua umeambiwa mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa na usemi huo kilikuwa cha baridi. Mwekundu wenye nyuzi 28 hutoa pombe puani, na kila kitu kingine hujificha nyuma yake. Baridi ikizidi nayo ina hasara: harufu hulala, na ukakasi wa mwekundu huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

## Hatua ya 3: Mimina kidogo, utazame

Mililita 50 zinatosha. Nafasi tupu ya glasi ndiyo inayokusanya harufu.

Ilaze glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame katikati kisha ukingoni. Mweupe huanza na rangi ya limau yenye ukijani, ukaenda kwenye dhahabu, na uzeeni kaharabu. Mwekundu huenda kinyume: zambarau, kisha rangi ya yakuti, kisha wekundu wa tofali na kahawia ukingoni. Kwa ufupi, umri humtia mweupe rangi na humwondolea mwekundu.

Michirizi inayoteremka ndani ya glasi, inayoitwa machozi, inatokana hasa na pombe. Haisemi lolote kuhusu ubora. Tuendelee.

Onyo kubwa la hatua hii: macho ni mashahidi wa uongo. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilolifanya Bordeaux, Ufaransa. Wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya matunda mekundu na meusi, yaani maneno waliyozoea kuyatumia kwa mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanafunzi wa fani yenyewe. Wewe na mimi tusijitape.

Wala rangi haipimi nguvu. Nebbiolo, zabibu inayotengeneza Barolo ya Italia, ina wekundu mwepesi unaopitisha mwanga, lakini ukakasi wake unaweza kukufunga mdomo. Kwa hiyo andika rangi, kisha isahau.

## Hatua ya 4: Nusa mara mbili

Nusa kwanza bila kuitikisa glasi. Andika neno moja. Kisha iweke mezani, uizungushe kwa shina mara nne tano, unuse tena. Kuzungusha huongeza eneo la mvinyo linalogusana na hewa, na harufu nzito nazo hupanda.

Nusa kwa pumzi fupi, kama mbwa, kisha pumzika. Pua huchoka upesi: ukiizamisha dakika nzima husikii kitu. Ikichoka, nusa mkono wa shati lako au maji, kisha rudi.

Sasa ndipo watu hukwama. "Nasikia harufu ya mvinyo tu." Sababu ni kwamba wanatafuta jibu la mwisho kabla ya jibu la kwanza. Ann C. Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitatua tatizo hili miaka ya 1980 kwa gurudumu la harufu: katikati maneno mapana, pembeni maneno finyu. Fanya vivyo hivyo. Usijiulize "ni tunda gani?" Jiulize: ni tunda, ua, jani, kiungo, au udongo? Ukishasema tunda: ni bichi, bivu au lililokaushwa? La jamii ya ndimu, au la jamii ya embe na nanasi? Ukifika hapo, jina litakuja lenyewe, na lisipokuja, "tunda bivu la manjano" ni jibu halali.

Harufu nyingi zina chanzo kinachojulikana, na ukikijua chanzo hutababaika:

Pilipili hoho, nyasi zilizokatwa. Zinatokana na kundi la kemikali ziitwazo pairazini, ambazo zimo ndani ya Sauvignon Blanc na Cabernet Sauvignon. Si bahati. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Chupa yako ya kwanza ni mzazi wa ya nne, na harufu ya hoho ni sura ya ukoo.

Siagi. Itafute kwenye Chardonnay. Bakteria hubadilisha asidi kali ya tufaha kuwa asidi laini ya maziwa, na kazi hiyo huacha diasetili, kitu kilekile kinachonukia ndani ya siagi.

Vanila, karafuu, moshi, nazi. Hizo ni za pipa la mwaloni, hazikutoka kwenye zabibu. Ukizisikia, umesikia mti.

Pilipili manga. Ni alama ya Syrah, ambayo Waaustralia huiita Shiraz. Inaletwa na kemikali iitwayo rotundoni. Watafiti wa Australia waliotangaza ugunduzi huo mwaka 2008 walikuta mtu mmoja kati ya watano hivi hawezi kuisikia hata ikiwa nyingi. Mwenzako akisema pilipili manga na wewe husikii, huenda nyote mnasema kweli.

Mafuta ya taa. Riesling iliyozeeka. Wengi huona aibu kuliandika. Liandike.

Waridi na laichi ni Gewürztraminer. Cheri na stroberi, baadaye uyoga na majani yaliyooza, ni Pinot Noir. Matunda meusi kama forosadi utayapata kwenye Cabernet Sauvignon na Syrah, na Merlot huelekea plamu.

*Utajua umefaulu* ukiwa na angalau majina matatu kutoka jamii mbili tofauti. Matatu tu. Anayeandika kumi na mbili anajipamba.

### Harufu zinazosema mvinyo umeharibika

Usizipe majina mazuri. Katoni iliyolowa au ghala lenye ukungu ni kizibo kilichochafuliwa na kemikali iitwayo TCA. Mvinyo hauna madhara, ila matunda yake yamekufa. Siki, au asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, ni asidi ya siki na ndugu zake zilizozidi. Tufaha lililokatwa likaachwa hadi likawa kahawia ni hewa iliyoingia. Yai viza mara nyingi huondoka ukizungusha glasi dakika chache, basi lipe nafasi. Zizi la farasi ni hamira iitwayo Brettanomyces. Kidogo wapo wanaoipenda, mimi simo.

## Hatua ya 5: Onja, na upime kabla ya kutaja

Chukua funda la kijiko kimoja kikubwa. Lizungushe mdomoni mpaka liguse ufizi na mashavu, ukae nalo sekunde tano, uteme. Kisha chukua jingine, kwa sababu la kwanza lilikuwa la kuamsha mdomo. Onja weupe kabla ya wekundu, na wepesi kabla ya wazito.

Pima kwa mpangilio huu. Kila kimoja kipe daraja: chini, kati au juu.

Sukari. Hapa wengi huanguka, hasa kwenye Sauvignon Blanc yenye harufu ya pasheni na Chardonnay yenye vanila. Pua ikisikia tunda bivu, akili hutangaza sukari ambayo haipo. Dawa ni rahisi: bana pua kwa vidole, uonje. Ukibana pua, harufu haifiki, ulimi unabaki peke yake. Utamu ukitoweka, haukuwa sukari. Andika "hauna sukari, una harufu ya matunda mabivu." Sentensi hiyo moja inakutenga na robo tatu ya karatasi ninazozisoma.

Kabla hujaachia pua, jiandae. Ukiiachia mvinyo ukiwa bado mdomoni, matunda yote yatalipuka kwa mpigo. Njia ya kutoka kooni hadi puani ndiyo inayobeba kile tunachokiita ladha.

Ugwadu. Tema, inamisha kichwa, sikiliza mate. Yakitiririka, juu. Yakija taratibu, kati. Usihukumu kwa mkunjo wa uso, kwani sukari hudanganya uso. Sauvignon Blanc yako inapaswa kushinda Chardonnay hapa.

Ukakasi. Swali hili ni la wekundu zaidi, maana mwekundu huchachuka pamoja na maganda ya zabibu, na huko ndiko tanini ziliko. Mweupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa. Pitisha ulimi kwenye ufizi wa juu. Andika kiasi, kisha andika mguso: laini kama mahameli, unga, au msasa. Pinot Noir kwa kawaida ni ya chini, Cabernet Sauvignon ya juu.

Hapa pana mtego: ukakasi hujilimbikiza. Mwekundu wa tatu mfululizo huonekana mbaya kuliko wa kwanza hata kama ni chupa ileile. Kula kipande cha mkate, sukutua kwa maji, ngoja dakika mbili.

Uchungu utenganishe na ukakasi. Uchungu ni ladha, hukaa ulimini. Ukakasi umo hata kwenye mashavu, ambayo hayajui ladha.

Moto wa pombe. Safari hii meza tone dogo. Joto kooni na kifuani ndilo unalolitafuta. Kisha angalia lebo: chini ya asilimia 11 ni kidogo, 11 hadi 13.9 ni wastani, 14 kwenda juu ni nyingi. Jikosoe kwa lebo baada ya kukisia, siyo kabla.

Uzito. Fikiria maji, maziwa yaliyotolewa mafuta, na maziwa yenye mafuta yote. Mvinyo wako uko wapi? Pombe na sukari huongeza uzito, na Chardonnay ya pipa itakufundisha hili kuliko maelezo yangu.

Ladha inayobaki. Baada ya kutema, hesabu sekunde hadi tunda lipotee. Mizani yangu ni hii: chini ya 5 ni fupi, 5 hadi 10 ya kati, zaidi ya 10 ndefu. Hesabu tunda, si ukakasi, kwa sababu ukakasi hubaki hata kwenye mvinyo hafifu.

*Utajua umefaulu* ukipima chupa ileile mara mbili kwa kupishana nusu saa, na daraja zako zikapishana mahali pamoja tu au zisipishane kabisa.

## Hatua ya 6: Andika sentensi, usiandike sifa

Huu ni mfano wa karatasi niliyoirudisha:

"Mvinyo mzuri, mkali kiasi, una ladha ya matunda, unafaa kwa kila mtu."

Mtu mwingine akiisoma hawezi kuitambua chupa hiyo hata zikipangwa mbili. Na hii ni ya mtu huyohuyo, Cabernet Sauvignon ileile, baada ya kupita hatua ya tano:

"Mwekundu mzito, ukingo wa zambarau. Harufu ya nguvu: forosadi, pilipili hoho, vanila. Hauna sukari. Ugwadu wa kati. Ukakasi wa juu, mguso wa msasa, umeshika ufizi. Moto wa pombe unasikika kidogo. Forosadi inabaki sekunde nane, kisha ukakasi mtupu. Sikuupenda, ukakasi umelizidi tunda."

Angalia "sikuupenda" iko wapi. Ipo, na ina haki ya kuwepo, lakini imekaa mwisho na imetoa sababu. Sasa unaweza kuruhusu hata "mtamu" na "mkali" zirudi, mradi useme ni wa sukari au wa kupendeza, wa ugwadu au wa pombe.

Ukikosa jina la harufu, eleza mahali ulipoisikia: "kama kabati la vitabu vya zamani" ni bora kuliko "changamani". Neno hilo la pili ningelifuta kwenye kila karatasi.

## Hatua ya 7: Jipime bila kuona lebo

Mwombe mtu azifunike chupa kwa mifuko ya karatasi, azipe namba, akumiminie nje ya macho yako. Weka karatasi zako za hatua ya sita mezani. Kazi yako si kukisia zabibu. Ni kulinganisha glasi na maelezo yako mwenyewe.

Ukipata nne kati ya nne, maelezo yako yanafanya kazi. Ukichanganya weupe wawili, rudi kwenye ugwadu na siagi. Ukichanganya wekundu wawili, rudi kwenye ukakasi, na usome tena onyo la mkate. Ukichanganya mweupe na mwekundu ukiwa umefumba macho, usicheke wala usilie: hutokea, hasa Pinot Noir ikipoa sana.

Kisha mpe mwenzako karatasi zako, wewe umimine, yeye akisie kwa maneno yako. Pale atakapokosea, mwulize ni neno gani lililompoteza, ulikate, uandike jingine.

Kilichobaki kwenye chupa kizibe vizuri ukiweke kwenye friji, wekundu pia. Kesho yake onja tena kwa karatasi mpya, bila kuangalia ya jana. Sauvignon Blanc huenda ikawa imepoteza pasheni ikabakiwa na ndimu, na Cabernet Sauvignon huenda ukakasi wake ukaonekana umelegea. Weka karatasi mbili kando kwa kando, upigie mstari kila daraja lililobadilika.